Kurasa Zilizofungiwa Njugu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na naomba upesi, maana Jumamosi tarehe 20 Mei mtu atapanda boti kwa ajili ya uongo wangu. Sisi ni wanawake wanne hapa Kisumu, wawili washonaji na wawili wapiga taipu, na kila Jumapili baada ya kanisa tunakutana kwangu, kila mmoja anasimulia kitabu alichosoma kwa kujifurahisha tu, na sheria yetu ni kwamba asiyemaliza kitabu hasimulii, anachemsha chai. Mwezi uliopita nilinunua sokoni kwa muuza njugu hadithi ya mke aliyemkimbia mume mpigaji, tamu mpaka nikaunguza maharagwe, lakini karibu na mwisho nikakuta kurasa hazipo, muuza njugu alizichana afungie njugu zake, na mimi kwa kuona haya kuchemsha chai Jumapili ya tatu mfululizo nikatunga mwisho wangu, nikasema mke alirudi, mume akampigia magoti, wakaishi kwa amani.

Wenzangu walipiga makofi, ila mmoja, nitamwita Perez, na huyo ndiye aliyevunjwa mkono na mumewe mwaka juzi akakimbilia huku akiacha watoto wawili, na juzi amenionyesha sanduku keshalifunga, akaniambia, "Dada, kama huyo mama wa kitabu alirudi na bwana akabadilika, mimi nangoja nini? Watoto yangu iko kule Mbita." Akaniomba kitabu akisome mwenyewe, nikasema nimemwazima mtu, na kiko chini ya godoro langu. Nikisema kweli nitakuwa kichekesho, nikinyamaza nauogopea huo mkono wa pili. Je, nitafute kitabu kizima nione kama kwa bahati mwisho wangu ndio wa kweli? Tafadhali ficha jina langu.

Mwenye Aibu, Kisumu

Mwenye Aibu,

Pole, lakini pole yangu ni fupi. Birika moja la chai, mama! Hilo ndilo ulilolikimbia hata ukamfikisha mwenzako hapo? Kutunga hadithi ningekusamehe. Kukificha kitabu alipokuomba, hapana. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia pale Luanda Kotieno, kwenye boti ya Mbita.

Usihangaike kutafuta kitabu kizima. Hata kama mwandishi naye alimrudisha mke huyo, mume wa kwenye karatasi hana ngumi. Wa Perez anazo. Je, amewahi kufika kwa wazazi wa Perez na wazee wake kuomba radhi? Katika barua yako yote sikuona hata salamu kutoka kwake. Magoti ni yale tu uliyompigisha wewe yule wa kitabuni.

Kitoe kitabu chini ya godoro umpelekee leo hii, akifungue mwenyewe aone palipochanwa. Mwambie, "Mwisho ule niliutunga." Akilia, akikutukana, nyamaza. Kisha msindikize kwao. Huyo bwana aitwe huko pamoja na wazee, na habari ya watoto izungumzwe mbele yao. Akikataa kuja, mtakuwa mmejibiwa.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, gazeti linatoka Ijumaa, boti ni kesho yake. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Ule mkono na zile njugu sikuvificha, na nimefanya makusudi. Perez anajua kusoma, na gazeti hili linauzwa mpaka hapo wanapongojea boti.

Kimbia, mama. Ufike kwake kabla ya gazeti.