Mume Wangu Hasikii, na Wenzake Wanamaliza Santuri Zake

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na barua ikiwa ndefu nivumilie, maana sina wa kumwambia, yule ambaye ningemwambia ndiye mwenye shida yenyewe na hasikii.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine ya kupasua mbao mpaka alipostaafu, na msumeno ulimla masikio polepole, akawa anaongeza sauti ya redio, akaongeza tena, na sasa nikimwita kutoka jikoni ni kama nauita ukuta, lakini ole wako umwambie hasikii, atakujibu, "Semeni kama watu, mnanong'ona nini?" Binti yetu akipiga simu yeye huipokea, anasema "haya, haya," halafu ananipa mimi, eti ana kazi, na kazi yenyewe ni kukaa.

Anachokipenda duniani ni santuri zake, zile sahani nyeusi za zamani, rafu nzima sebuleni, na kila Jumapili mchana wanakuja wenzake watatu, fundi saa, karani mmoja wa mahakama, na shemeji yangu, mdogo wake wa tumbo moja. Kila mmoja huja na santuri yake, zinapigwa kwa zamu, na ni marufuku kuongea mpaka sindano ifike mwisho, hata mimi na sinia langu la chai nasubiri mlangoni, na aliyeweka marufuku hiyo ni mume wangu. Wakiondoka kila mtu anaazima ya mwenzake akakae nayo wiki nzima, ndivyo walivyozoeana tangu ujana na yeye hajawahi kumnyima mtu. Na kuzitunza anazitunza, weee! Ikirudi anaitoa kwenye jalada kwa viganja, haigusi uso, anaigeuza geuza dirishani kwenye mwanga, anaipuliza, ndipo anaiweka, halafu mkono juu ya spika, macho anafumba.

Sasa juzi alikwenda kunyolewa, nikasema ngoja na mimi nisikilize ule wimbo aliokuwa akinipigia wakati wa uchumba, nikaitoa santuri kwenye jalada lake bila kuisoma, nikaweka sindano, ikatoka sauti ya mwanamume anafundisha mazoezi ya viungo, "Moja, mbili, nyoosha mgongo!" Nikajaribu nyingine, imekwaruzwa, inarudia neno lile lile. Nikajaribu nyingine na nyingine, mshauri, nusu ya rafu ni takataka ndani ya majalada mazuri. Nikaenda kwa shemeji kumuuliza, na kabla sijapiga hodi nikausikia wimbo wangu dirishani kwake.

Hakuona hata haya. Akaniambia, "Shemeji, tusidanganyane. Kaka ni kiziwi, santuri hizo zinalia kwake bila msikilizaji. Ukitaka mwambie, lakini sisi hatukanyagi tena pale. Halafu nikuulize, nani mwingine anakuja kwenu?" Nikageuka nikarudi nyumbani, maana kweli hakuna.

Na kuna linaloniuma zaidi. Jumapili iliyopita karani aliweka sindano, sahani ikazunguka, kumbe amezima sauti kabisa, chumba kimya. Mume wangu mkono juu ya spika kama kawaida, macho kafumba, mguu unagonga sakafu, akasema kwa nguvu, "Sikilizeni hapo, tarumbeta hilo linaingia!" Shemeji akacheka mpaka machozi, wenzake wakafuata, na mimi na sinia langu, Mungu anisamehe, kicheko kikanitoka. Akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akacheka na yeye.

Nikimwambia, namvunjia heshima na kumnyang'anya wageni wake pekee. Nikinyamaza, rafu inakwisha mbele ya macho yangu na yeye masikini hajui kitu. Nifanye nini?

Mke wa Mpasua Mbao

*

Mke wa Mpasua Mbao, pole sana. Sasa kaa chini, maana sitakubembeleza.

Shemeji yako ni mwizi, na wenzake wawili ni wezi. Mtu hawi na haki ya kuchukua kitu cha ndugu yake kwa kuwa masikio ya ndugu yake yamekufa. Hao nimemalizana nao. Ninayetaka kusema naye ni wewe, kwa sababu ya maneno hayo uliyofungia barua, "hajui kitu." Nani kakwambia?

Umeniandikia kwa mkono wako kwamba kila santuri ikirudi anaigeuza dirishani kwenye mwanga. Masikio hayafanyi kazi, macho je? Mtu anayekagua hivyo ataukosa mkwaruzo? Hataiona karatasi ya katikati yenye jina la wimbo, kwamba sahani ya wimbo wa uchumba wenu imerudi ikiwa ya mazoezi ya viungo? Aliiona, dada yangu. Akaitia kwenye jalada, akairudisha rafuni, na Jumapili iliyofuata akaazimisha nyingine. Mume wako ananunua watu wa kukaa naye, na santuri ndizo alizonazo.

Na siku ile ya kimya, fikiri vizuri. Spika ikilia hutetemeka, ndiyo maana anaiwekea mkono. Siku ile haikutetemeka. Tena yeye anayekusimamisha mlangoni chai inapoa ili mtu asiongee, siku ile aliongea sindano ikizunguka. Alijua kabisa hakuna kinacholia. Walitaka kichekesho, akawapa, ili Jumapili warudi.

Basi fanya hivi. Nenda kwa shemeji mchana kweupe, na kikapu, utoe santuri rafuni kwake moja moja. Akisema kiziwi hana haja nazo, mwambie mwenyewe ana haja nazo, na usisubiri ruhusa. Kwa fundi saa na karani vivyo hivyo. Wasipokanyaga tena kwenu, wamekupunguzia kuosha vikombe. Wiki hii hii mpeleke mumeo hospitali akapimwe masikio. Atafoka, mpeleke akifoka. Siwezi kukuahidi kwamba atapona, msumeno ukila umekula, lakini lazima ajue kuna mtu wa kwenda naye. Binti yenu naye aache simu, aje.

Jumapili mchana weka sinia chini, ukae kwenye kiti alichokuwa akikalia shemeji. Mwache achague santuri. Weka mkono wako juu ya spika kando ya wake, na usiseme neno mpaka sindano ifike mwisho.

Lakini yote hayo kabla hujayaanza, kaa mbele yake kwenye mwanga, sema polepole auone mdomo wako, umwombe radhi. Ya santuri iache, huna kosa hapo. Mwombe radhi ya kicheko. Uliandika kwamba alifumbua macho akawatazama mmoja mmoja. Alikuona.