Misumari ya Benon

Karambi

Mwanangu Nobert,

Huku tuko salama, kahawa imechanua. Umeuliza kama zile mbao kuukuu za baraza la hoteli kule Mweya zinafaa kununuliwa. Hazifai. Nyingi zimeoza, lori ni ghali, na fundi anasema mbao mpya zingekuwa nafuu.

Baba yako amezileta hivyo hivyo. Baraza lile alilijenga marehemu kaka yako Benon, na unakumbuka alivyokuwa akipinda misumari, baba yako akimcheka. Fundi anataka kuing'oa ndipo apige randa. Mzee hataki. Kila jioni anaipapasa.

Usimwambie ni hasara. Jana fundi alikuja na koleo, baba yako hayupo. Nilimfukuza mimi.

Mama yako,
Provia