Banda Lilikuwa Linatutosha, Mama

Mama, shikamoo.

Natanguliza salamu kwa sababu hata sasa, ukiwa kaburini, siwezi kukuandikia bila kukuamkia. Mkono wenyewe ungegoma. Miaka yote ya ukwe wetu sikuwahi kukutazama usoni sawasawa. Kwenu Kidete, nikikuona unatoka shambani, niliingia kwenye majani nikupishe, nawe ukapita upande wa pili ukijifanya hukuniona. Tuliheshimiana hasa, na watu walitusifu. Leo nimekusogelea kwa karatasi, uniwie radhi.

Naikumbuka ile likizo ya pwani. Daktari wa Kilosa alikwambia utembee kwa ajili ya presha, mwanao, Mama Neema, akasema kama ni kutembea, basi twende tukatembee kando ya bahari, maana hujawahi kuiona. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mtu aliyepanda milima na jembe begani tangu utoto, eti apelekwe Bagamoyo kufundishwa kutembea! Lakini ulikuja, umevaa raba za mjukuu wako Neema.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ndogo, vyumba viwili na baraza, bati likilalamika kila upepo ulipogeuka. Mimi nilale chini ya bati moja na mama mkwe? Nikasingizia joto, nikatandika mkeka barazani. Mbu wa pwani walinifaidi. Chakula nilikula huko huko, nikakusikia jikoni ukiuliza kama Baba Neema ameongezwa samaki.

Tulipotoka kutembea, Mama Neema na binti walitangulia, wewe katikati, mimi nyuma kabisa kama mtu anayefukuza ngedere shambani. Hali ya hewa ilikuwa na vituko. Jua kali, mara manyunyu, mara jua tena, na kitenge hakijakauka wingu jingine limeshafika. Ulisema bahari ina hasira za mtoto anayeota meno. Uliokota makombe, ukaonja maji kwa ncha ya ulimi, ukatema, kisha ukaonja tena. Nilicheka kimyakimya huko nyuma.

Halafu siku ile mvua kubwa ikatukuta mbali na nyumba. Wenzetu wakakimbia. Miguu yako haikuweza kukimbia, ukajisitiri kwenye banda la makuti lililoachwa wazi. Mimi nikasimama nje, chini ya mnazi, ambao kwa mvua hausaidii kitu.

“Baba Neema, ingia,” uliniita. “Mvua haichagui mkwe.”

Nikajibu kwamba hapo nilipo pananitosha. Ukasogea ukingoni mwa banda.

“Nina neno nataka kukuuliza mwenyewe, si kwa kumpitia mtoto.”

Nikainamisha kichwa, nikasema nakusikiliza. Lakini mvua ilipiga makuti kwa kishindo, ingebidi upaze sauti, na neno lako halikuwa la kupaziwa sauti. Uliniangalia nilivyolowa.

“Basi, mwanangu. Tutaongea siku nyingine.”

Mama, nilirudi kifua mbele. Nimetota, lakini nimeitwa mwanangu! Gereji hapa Mikumi niliwasimulia mafundi wenzangu nilivyosimama mvuani kwa heshima ya mkwe, na wakubwa kati yao wakasema ulipata mkwe kweli.

Ulirudi Kidete, peke yako na kuku wako. Kila Mama Neema alipokubembeleza uje kwetu, ulisema shamba halijilindi lenyewe. Nikaamini. Ukaja kuanguka jikoni jioni, jirani akakukuta asubuhi. Nilikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lako, na hiyo ndiyo siku niliyokuwa karibu nawe kuliko siku zote.

Tulipoanua tanga, mwanao alinieleza jambo ulilomkataza kunieleza ukiwa hai. Ulitaka kuniomba uje kuishi nasi. Kwa kuwa nyumba ni yangu, ulitaka kusikia jibu kinywani mwangu. Baada ya ile mvua ulimwambia, “Mwenye nyumba ameshanijibu. Kama hawezi kusimama nami banda moja, nyumba moja tutaishije? Mwache mtoto wa watu alale kitandani kwake.”

Nilitoka nje nikalia, na sikujali nani ananiona.

Adabu siijutii. Ndivyo nilivyolelewa, na wewe ndivyo ulivyolelewa. Inaniuma tu kwamba nilikupa heshima yangu yote, nawe ukaipokea kama mlango uliofungwa. Inaniuma pia kwamba ulijikaza, ukavunja mwiko wa maisha yako yote kwa kuniita, mimi nikabaki chini ya mnazi najiona bingwa. Nimeshawahi kukasirika nawe pia, Mama, nisikufiche. Ungeniuliza mara ya pili! Kisha nakumbuka ile ya kwanza ilivyokugharimu, hasira inaisha.

Chumba cha uani kilikuwepo. Nilikuwa naweka matairi. Nimeyatoa, nimepaka chokaa, na Mama Neema ameniuliza nakiandaa kwa ajili ya nani. Nikaendelea kupaka.

Ningesema ndiyo kabla hujamaliza kuuliza. Ningekutobolea mlango wako wa nyuma, ningekujengea jiko lako, na tungekwepana uani kila asubuhi mpaka tuzeeke wote. Ningefurahi sana, Mama, kuwa na mtu wa kumkwepa.

Pumzika. Naondoka kinyumenyume, nisikupe mgongo.

Mkweo,
Baba Neema
Mikumi