Mistari Mitatu Niliyoizidisha Mara Mbili

Kaka Makame,

Nakuandikia kwenye meza yetu, upande wangu. Upande wako sijaukalia. Karani mpya alitaka kukaa kwenye kiti chako, nikamwambia kina mguu mbovu. Wewe unajua kwamba kile ndicho kiti kizima pekee humu ofisini.

Tangu tukuzike, ofisi ya upimaji imekuwa kimya hata nasikia penseli yangu ikikwaruza. Miaka saba wewe ulisoma namba, mimi nikazungusha mashine ya kuhesabia na kutaja jibu, ukalirudia, ukaandika. Sasa nasoma mwenyewe, nazungusha mwenyewe, najijibu mwenyewe. Tarishi akipita anadhani nimerukwa na akili.

Nina kosa la kukiri kwako.

Wiki ya pili baada ya msiba, mnyororo wetu wa kupimia ulilinganishwa na zile alama mbili za shaba barazani zinazoonyesha futi mia kamili, ukaonekana umerefuka kwa upana wa vidole viwili. Kumbe kila tulipohesabu futi mia kule shambani Maramba, tulikuwa tumepita kidogo. Bwana mkubwa akaniletea daftari lako la mwisho, lenye mistari kumi na tisa ya mpaka wa shamba, akasema kila urefu uzidishwe kwa namba ile ile moja, upatikane urefu wa kweli.

Kazi hiyo tumeifanya mara ngapi! Karatasi yako ya maagizo ingali ukutani: Soma mstari. Zidisha urefu, pembe usiiguse. Andika safu mpya. Tia alama. Shuka. Mistari ikiisha, simama. Ulikuwa ukinitania, "We Mbondei, hata punda akiifuata hii atapata jibu. Akili yako usiitie, yakhe, ndiyo itakayotuharibia."

Nikaitia. Karatasi zilikuwa chache, nikaona safu mpya ya nini. Nilinakili namba zako kwenye karatasi moja, kisha kila niliyoizidisha nikaifuta kwa raba na kuandika mpya palepale. Alama sikutia. Katikati ya kazi mvua ikapiga dirishani, nikakimbia kuokoa ramani zilizokuwa zimetandazwa. Niliporudi sikukumbuka nimeishia wapi. Siku zote wewe ndiye uliyekuwa ukiweka kidole kwenye mstari. Nikakisia, nikaendelea.

Mpaka wa shamba ukakataa kufunga. Niliufuata mstari kwa mstari, na badala ya kurudi kwenye jiwe la kuanzia, nikatokea futi mbili pembeni. Na hapa, kaka, naona haya. Bwana mkubwa aliponiuliza kosa ni la nani, nilisema labda la marehemu, siku zile za mwisho alikuwa hajiwezi. Nilisema hivyo, kwa kinywa hiki hiki. Akaamuru madaftari yako yote ya mwaka huu yawekwe kando, yasiaminiwe. Nikawa nazunguka mbali nisipite mtaa wenu.

Arobaini yako nilikwenda, ningekosaje? Shemeji Zuhura alinipakulia pilau kwa mkono wake. Ilikuwa na chumvi hailiki. Yeye alitia, kisha dada yako akaja akatia tena bila kujua. Akatoka jikoni macho mekundu, akasema, "Jamani mtuwie radhi, imetiwa mara mbili. Makame ndiye aliyekuwa akiniuliza, ushatia?" Watu wakacheka kidogo. Mimi nililirudisha tonge sahanini.

Nilinawa, nikaaga, nikaenda moja kwa moja ofisini. Nikafungua daftari lako. Chini ya ukurasa uliandika "umefunga", na alama yako pembeni. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba umbo lililofunga, ukizidisha kila upande kwa namba moja, linakua tu, halifunguki. Vipi sikuliwaza hilo kabla ya kufungua mdomo? Nikaanza upya kwa safu mpya, alama kila mstari. Nikalinganisha na ile karatasi niliyofutafuta: mstari wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja nilikuwa nimeizidisha mara mbili. Safari hii mpaka ukafunga. Nililia, Makame, nimeinamia mashine.

Kesho yake nilimwambia bwana mkubwa kosa ni langu, lako hakuna hata nukta. Akasema niyarudishe madaftari yako kabatini mimi mwenyewe. Nimeyarudisha yote. Lile la mwisho nililishika kidogo kabla ya kufunga mlango.

Pumzika, kaka yangu. Mimi Mkristo na wewe Mwislamu, lakini nimekuombea kwa maneno niliyo nayo. Nakuahidi sitaweka tena kosa langu juu ya jina lako, na safu mpya nitaiandika hata ikibaki karatasi moja. Lakini peke yangu siwezi. Lazima awepo mtu wa kunijibu, wa kuweka kidole, na mimi nilitaka mtu huyo awe wewe tu.

Kesho nitamwambia karani mpya kwamba kile kiti ni kizima.