Milango ya Kuonana

Jumatatu, 6 Januari

Leo nimekabidhiwa vipimo vya nyumba ya binti yangu. Nyumba! Yule niliyekuwa nambeba mabegani kwenda karakana, mwezi wa tatu anaolewa, na kuta za nyumba yake zimeshafika usawa wa magoti. Mwashi ananisubiri mimi tu. Madirisha manne, mlango wa mbele, wa nyuma, miwili ya ndani. Vyote zawadi yangu. Miaka ishirini na sita nawachomelea watu milango yao, safari hii nachomelea kwetu.

Nimechora mchana kutwa. Mlango wa mbele: bati zito pande zote mbili, makomeo matatu. Madirisha: madogo, juu kabisa, nondo nene kama kidole gumba. Anayetaka kuingia aje na baruti.

Mke wangu ameutazama mchoro, akauliza kama najenga nyumba au benki. Nikamwambia: mtoto wetu hasikii, mwizi akivunja dirisha hata hatajua. Akaniongezea chai. Lakini namjua mke wangu – kule hakukuwa kukubali.

Jumanne, 7 Januari

Balaa.

Cheche, binti yangu, kaja karakana saa ya chakula. (Jina tulimpa akiwa mdogo. Hakuna kilichomfurahisha kama cheche za mashine yangu ya kuchomelea.) Akauona mchoro ukutani. Akacheka! Akaubandua, akaugeuza, akachora upande wa nyuma kwa penseli yangu mwenyewe. Vioo. Mlango wa mbele, fremu nyembamba ya chuma na kioo. Madirisha kuanzia magotini hadi kwenye linta, karibu na dari. Na ule ukuta kati ya jiko na chumba cha cherehani – hautaki kabisa! Anataka chuma na vioo vitupu, na mlango wa kioo katikati.

Nikamwambia hapana. Kwa mikono, bila shaka. Mikono yangu mizito. Yeye husema natumia lugha ya alama kama mtu aliyejaza misumari mdomoni.

Akanijibu mbio mbio mpaka nikamwomba arudie. Kwamba yeye atakuwa jikoni, mumewe yuko kwenye cherehani, naye ni kiziwi kama yeye, na katikati ukuta. Wataongeaje? Kila neno atoke akamguse bega?

“Baba, mboga itaungua kabla hatujamaliza kusalimiana.”

Nikasema wezi. Akasema, mwizi nitamwona. Nikasema, mimi ndiye fundi. Hapo akafanya lile jambo lake la tangu ana miaka mitatu: akafumba macho. Cheche akishakufumbia macho, mazungumzo yamekwisha. Nimebaki na mikono hewani kama mtu anayefukuza nzi.

Ijumaa, 10 Januari

Siku ya tatu hanisemeshi. Tunaishi nyumba moja, tunapishana ukumbini kama wapangaji.

Mwashi kapita kuuliza aache matundu ya ukubwa gani. Nikamwambia asubiri. Akasema saruji haijui kusubiri. Nimekata mabomba ya chuma, nimeyapanga chini, sijachomelea hata kiungo kimoja.

Mke wangu anasema swali lake ni dogo tu: hiyo nyumba nitakaa mimi?

Jumapili, 12 Januari

Nimefanya wazimu leo. Naandika nikicheka, ila mwanzoni haikuwa ya kucheka.

Asubuhi nimejaza pamba masikioni, juu yake nikavaa vile vifuniko vya kazini ninavyovaa nikiwasha grinda ya kukatia chuma. Nikaingia chumba cha nyuma, nikafunga mlango. Mlango wangu mwenyewe, wa bati, ninaowasifia wateja kwamba ukishaufunga umefunga. Nikajiambia: asubuhi moja tu, nione.

Saa ya kwanza, raha mustarehe. Nikapanga karatasi. Nikachonga penseli zote. Saa ya pili nikaanza kuhisi nyumba imehama ikaniacha. Nani yupo? Nani katoka? Mke wangu anaimba au kanuna? Naangalia mlango – bati. Naangalia juu – kidirisha, na kipande cha mawingu. Nikajikuta nimeweka kiganja mlangoni, nangoja utikisike. Moyo unakwenda mbio, na sijui naogopa nini!

Nikafungua. Sebuleni dada yangu na wanawe wanne! Wamekuja, wameandaliwa, wamekula, wanakunywa chai. Nimebakiziwa mfupa. Mke wangu anasema aligonga mara mbili, akadhani nimelala. Hata picha wameshapiga. Dada akaniuliza kama siku hizi nawakimbia ndugu.

Cheche alikuwa pembeni. Akaviona vifuniko shingoni, akaona pamba. Akanitazama tu.

Nikamwambia: “Vioo. Vyote.”

Akaniomba nirudie, hajaelewa. Nikarudia. Akaomba tena. Mtoto huyu! Alielewa tangu mara ya kwanza. Anataka kuliona neno hilo tena, basi.

Jumatano, 29 Januari

Kwanza wezi. Mimi bado ni baba. Nimempeleka Cheche dukani tukaonyeshwa kioo cha tabaka mbili, chenye utando katikati. Muuzaji akanipa kipande cha kujaribia. Nikakipiga nyundo, pigo la kweli. Kikapasuka mistari kila upande, lakini hakikuanguka. Pigo la pili, la tatu. Kimesimama! Cheche akaniomba nyundo na yeye. Muuzaji akatuomba tuondoke.

Halafu vipimo. Kaja mchumba, fundi cherehani – mrefu, mpole, futi ya kitambaa shingoni hata siku za mapumziko. Mimi nina futi ya chuma. Tumepima tundu la dirisha kubwa, kona kwa kona, mimi nikasema pande zote sawa. Yeye akatikisa kichwa. Zimepishana kidole kizima. Nikakicheka kile kitambaa chake. Akanishika mkono taratibu, tukapima pamoja.

Kidole kizima.

Ningechomelea fremu kwa kipimo changu, isingeingia hata kwa maombi. Mwashi kalaumu uzi, kisha mchanga, kisha jua. Kijana kachukua chaki yake ya nguo, akapiga mstari ukutani. Cheche akanitafsiria, maana alama za mkwe wangu ni za haraka mno: anasema nyumba hii ina bega moja chini, tutaipunguza upande huu.

Nampenda kijana huyu. Sitamwambia leo.

Alhamisi, 13 Februari

Vyuma vyote tayari. Viungo nimevilainisha hadi mkono haukwami popote. Fremu nyembamba kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Mwashi anasema zinafanana na mistari ya daftari.

Vishikio na makomeo nimeamua viwe vya bronzi. Sijawahi kuifanyia kazi – shaba iliyochanganywa na bati, ukiisugua inatoa rangi ya asali. Mhunzi wa jirani kanisaidia kuyeyusha na kumimina kwenye mchanga. Kishikio cha kwanza kimetoka na tundu kama jino bovu. Cha pili kimepinda. Cha tatu… nimekaa nacho mkononi kama mtu aliyeokota yai.

Nikanogewa. Kwa siku mbili nimetengeneza kigongeo cha mlango wa mbele, cha bronzi, umbo la mkono uliokunjwa ngumi. Kila kidole na ukucha wake! Ukikiachia kinagonga sauti nzito, tamu, ya kinyumba kabisa. Nimekifunga kwenye kitambaa, nikampelekea Cheche mbele ya mama yake.

Nikagonga kukionyesha. Nikagonga tena.

Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka. Kacheka mpaka akakaa chini. Mimi bado sijaelewa! Ndipo Cheche akaniuliza, uso mkavu kama hakimu: “Baba, nani atasikia?”

Siku mbili! Na kucha zote zile!

Nikataka kukirudisha kwenye moto. Akaninyang’anya. Akasema kitawekwa, tena mahali pa heshima. Wageni wanaosikia nao wana haki zao; wasije wakajiona wapweke pale nje.

Jumamosi, 1 Machi

Zimeingia! Zote! Dirisha la bega-chini limeteleza mahali pake kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Wanaume wanne tumelibeba, na mwashi akipiga kelele kwa wote. Mlango wa mbele nausukuma kwa kidole kimoja – kimoja! – unafunguka bila kukoroma.

Tulipomaliza kupachika vioo vya ndani na kuziba kingo kwa puti, Cheche akaenda kusimama jikoni. Mchumba wake chumba cha cherehani. Jua limepita katikati yao, vivuli vya fremu vimelala sakafuni. Sote tukaacha kazi. Hata mwashi kanyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona. Wakaanza kuongea. Haraka, kimya, kupitia kioo.

Mke wangu kafuta macho. Na mimi. Vumbi la grinda, nimesema.

Baadaye nikamuuliza Cheche, neno lao la kwanza ndani ya nyumba yao lilikuwa lipi. Akasema: “Nimemwambia ana puti puani.”

Jumamosi, 29 Machi

Harusi. Siwezi kuandika. Watu walipunga mikono juu badala ya kupiga makofi, ukumbi mzima, hata dada yangu. Miguu inauma. Nimecheza! Mke wangu anasema nisirudie mbele za watu.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa barazani kwao, daftari gotini. Nilikuja asubuhi hii kukaza bawaba moja ya mlango wa nyuma. Kazi ya dakika tano.

Nimewakuta katika ugomvi wao wa kwanza. Mkwe wangu kamfanyia mkewe zawadi ya siri: kashona mapazia. Ya nyumba nzima! Kitambaa kizito, pindo mbili, kazi safi kuliko zote nilizomwona akifanya. Kila dirisha. Mlango wa mbele. Hata vile vioo kati ya jiko na cherehani!

Cheche kasimama jikoni na bisibisi yangu mkononi, anasema nayo: amegombana na baba yake kwa ajili ya vioo hivi wiki nzima, leo mume anamletea nguo za kuvifunika? Mume naye anajibu kutoka chumba cha pili – na hakuna aliyehitaji kumfuata mwenzake – kwamba jirani jana kampungia mkono wakati yeye anapiga mswaki kifua wazi. Kwamba muuza maziwa anajua wanakula nini. Mtu na mkewe wanahitaji pa kujificha kidogo.

Nikiwa mkweli, kijana ana hoja. Tena nzito. Na Cheche ana hoja. Na mimi nina bawaba mkononi na bisibisi sina.

Wakaniona. Wote wawili kwa mpigo: “Baba, sema wewe!” Nikasema acheni nipime kwanza. Nikatoka huku barazani, nikafungua daftari, najifanya naandika vipimo.

Wamepachika pazia moja, nadhani kwa majaribio. Limefika nusu ya kioo. Kwenye nusu iliyo wazi naona mikono minne inaongea kwa pamoja, hakuna anayempa mwenzake nafasi. Sasa mmoja kacheka. Sijui nani, pazia limeficha nyuso. Sasa wanashikana vidole, wanaachiana, wanaendelea kubishana.

Cheche kachungulia. Ananiita kwa jina langu, lile alilonitungia mwenyewe akiwa mdogo: kiganja kinashuka usoni, kama kofia ya kuchomelea inavyoshushwa. Analirudia. Na mkwe wangu nyuma yake, kwa mara ya kwanza, naye ananiita hivyo, anashusha kiganja usoni. Naenda –