Nimemficha Baba Viatu Asirudi Machimboni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijakosana kabisa na baba yangu mzazi, maana tunaishi chumba kimoja lakini salamu yangu haiitikii, na kosa langu ni kumficha viatu.

Nianze mwanzo ili unielewe. Mimi nimekulia kwenye machimbo ya mawe. Mama aliugua nikiwa mdogo, baba akakopa kwa mwenye machimbo, ambaye sote tulimwita Bosi, wakapeana mkono kwamba atalipa kwa kuvunja mawe, na mama akafa vilevile tukamzika nyuma ya machimbo, lakini deni halikufa, likawa linanenepa sisi tukikonda, maana nyundo tuliyopewa iliingia kwenye deni, unga uliingia kwenye deni, siku ya kuugua iliingia kwenye deni, na nilipoweza kushika nyundo na mimi nikaingia. Niliolewa humohumo na kijana aliyerithi deni la baba yake, tukapata watoto, na kila nikiwaona wamekaa juu ya kokoto wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, nilijua zamu yao inakuja. Nyapara wetu tulimpa jina la Filimbi kwa sababu hakuivua shingoni hata akila, akiipuliza unaamka, akiipuliza unakula, na ukionekana barabarani bila ruhusa unarudishwa kwa fimbo.

Siku moja jiwe lilimwangukia jirani yetu mguuni. Filimbi akasema gari halipo, na gari tunaliona pale limeegeshwa. Tuliomba na kuomba, mwishowe mume wangu alimpakia yule mtu kwenye toroli la kokoto akamsukuma mpaka zahanati. Muuguzi akauliza, "Mguu umevunjika asubuhi, mbona mnamleta jioni?"

Mume wangu akajibu tu kama kawaida, "Tulikuwa tunaomba ruhusa."

Muuguzi akaacha alichokuwa anafanya. "Ruhusa ya nani?"

Shangazi, hakuna mtu aliyewahi kutuuliza swali hilo. Mume wangu akamweleza yote, muuguzi akapiga simu, na siku chache baadaye wakaja maafisa wa kazi na polisi na mwanasheria mmoja, mama mtu mzima, akapanda juu ya lundo la mawe na viatu vyake vya ofisini akatuambia deni lile sheria hailitambui, hakuna anayedaiwa, fungasheni mizigo. Wengine walilia. Mimi nilicheka, nikacheka mpaka nikaona aibu. Baba alikuwa amesimama mbali, anaendelea kugonga mawe kana kwamba wanaoambiwa ni watu wengine.

Sasa tumepanga chumba mjini. Mume wangu anafanya kazi na mafundi ujenzi na mshahara anaupokea kwa mkono wake, mimi napika shuleni, watoto wanasoma, na asubuhi naamka kwa sababu usingizi umeisha, Shangazi, si kwa sababu ya filimbi, na bado kila siku naona kama nimepewa zawadi. Shida ni baba. Akitaka kwenda uani ananiomba ruhusa. Nikimwambia "baba, nenda tu," ananitazama kama namtega.

Juzi mchana nikiwa naosha vyombo, Filimbi akasimama mlangoni. Nilimjua kabla sijamwona uso. Akasema kwa upole, "Mzee, Bosi anakusalimia. Anasema deni ni deni, na wewe anakujua ni mtu wa heshima." Baba akainuka palepale, akaanza kufunga nguo zake kwenye shuka. Mimi mikono imejaa povu, sijui ujasiri ulitoka wapi, nikasema, "Toka."

"Unasemaje wewe?"

"Nimesema toka mlangoni kwangu. Kama unadai, twende wote polisi ukadai huko."

Na alitoka, Shangazi! Alijikwaa kwenye ndoo yangu ya maji akaenda zake. Nilisubiri mbingu ianguke, haikuanguka, nikakaa chini kwenye maji yale yaliyomwagika na nikahisi kifua changu kimekuwa chepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Lakini baba aliniambia, "Umenidhalilisha. Mimi nilimpa yule mtu mkono wangu. Nitarudi nikamalize peke yangu, ninyi kaeni." Ndipo nikachukua viatu vyake nikavipeleka kwa jirani, vimo ndani ya gunia lake la mkaa. Mume wangu anacheka, anasema, "Mrudishie mzee viatu, utamfunga mpaka lini?" Baba anakaa kitandani peku, amegeukia ukuta. Nikimrudishia na akaenda, nitajisamehe vipi? Na je, ni kweli Bosi hana cha kutudai, au tunajifurahisha?

Ni mimi,
Mvunja Mawe wa Zamani

*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Nilipofika pale kwenye "toka" nilipiga meza kwa furaha mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza kuna nini.

Lala usingizi wako. Hudaiwi. Mumeo hadaiwi, watoto hawadaiwi, na mzee hadaiwi. Yule mama hakupanda juu ya mawe ili awafariji, alikuwa anawaambia sheria, na Filimbi anaijua. Angekuwa na haki asingefukuzwa na mtu aliyeshika sufuria yenye povu, angerudi na askari. Amerudi? Hajarudi. Basi.

Sasa nikugombeze. Kamrudishie mzee viatu vyake leo, tena uvipanguse huo mkaa. Najua umefanya kwa mapenzi. Lakini huyo ni mtu mzima aliyezeeka akiomba ruhusa ya kutoka nje, na wewe umemwekea nyapara mwingine, tena wa damu yake. Mumeo ameliona hilo na wewe umemchukulia anatania. Mrudishie, na umwambie, "Baba, nilikosea. Niliogopa." Maneno hayo mawili yatamfaa kuliko hotuba.

Halafu kuna jambo umeliandika mbiombio ukapita. Mama yako amezikwa nyuma ya machimbo. Umewahi kujiuliza mzee anataka kurudi kwa nani? Mwanamume wa umri wake hawezi kusema mbele ya mkwe wake kwamba amemkumbuka mkewe, lakini kusema anadaiwa anaweza. Inawezekana nimekosea. Wewe subiri watoto wakiwa shuleni, kaa karibu naye, habari za Bosi usizitaje kabisa. Muulize, "Baba, unamkumbuka mama?" Kisha nyamaza, hata akichelewa kujibu. Akilia, mwache alie.

Kama ni hilo, nenda kwa maafisa wa kazi uwaombe mtu wa kuwasindikiza, mwende wote makaburini mchana kweupe, mfagie, mkae mnavyotaka, mrudi nyumbani. Asiende peke yake, na wewe usiende peke yako.

Kuhusu ule mkono aliompa Bosi, usimbishie wewe. Wewe ni mtoto wake, na aliwaona mkiumia kwa ajili ya mkopo wake, kwa hiyo kila unalosema analisikia kama lawama. Mpeleke kwa yule mwanasheria, wakae wawili, amweleze taratibu kwamba alichokopa alishakilipa zamani sana, kwa mgongo wake. Heshima yake iko palepale. Anahitaji kulisikia hilo kutoka kwa mtu asiyemlilia.

Na hospitali. Vumbi la mawe halibaki machimboni, linaondoka ndani ya kifua cha mtu. Mzee apimwe, wewe na mumeo mpimwe, na watoto pia. Wiki hii. Usiniambie mko wazima.

La mwisho ndilo la haraka kuliko yote. Filimbi hakutoka huko kote kwa ajili ya mzee mmoja. Anapita nyumba kwa nyumba kwa wenzenu wote mliotoka nao, na salamu zake ni zilezile, na si kila nyumba ina mtu wa kumjibu kama ulivyomjibu. Kaeleze polisi kwamba anazunguka, kisha wewe na mumeo mgawane njia. Huyo jirani wa mguu, wajane, wazee kama baba yako, wafikieni wote. Waambieni hawadaiwi, waambieni ulisema nini mlangoni kwako na yeye alifanya nini.

Barua hii ukimaliza kuisoma, vaa kitenge chako uende. Wafikie kabla yake.

Shangazi yako