Magurudumu Madogo ya Skuta

Jumapili, Mei 1971. Ukungu asubuhi, jua kidogo, sasa mvua.

Mvua inapiga mabati hata kuku siwasikii. Nimekaa dirishani, daftari gotini, Kemunto amelala kifuani kwangu baada ya kunyonya. Chai yote ya mteremko ule imenawa uso. Siku kama hii mtu anaweza kukaa tu akaangalia vilima vikitokea na kupotea, asiitwe na yeyote.

Kesho shule zinafunguliwa.

Kesho mimi ni mwalimu mkuu.

Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu wiki hii, na kila mara naiona kama ya mtu mwingine. Barua ilifika wakati wa likizo. Shule yenyewe iko mabonde mawili kutoka hapa kwetu Nyaramba, maili tisa za kupanda na kushuka. Nyumba ya mwalimu ipo, lakini Kemunto bado ananyonya, na Ombati, mume wangu, yuko kazini Kericho hadi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ni kwenda na kurudi kila siku, au kuandika kwamba nashukuru, mpeni mwingine. Kwa miguu haiwezekani. Ombati aliandika, "Tafuta chombo cha moto, chagua mwenyewe. Lakini pata neno la baba, baraka zake."

Neno la baba nililipata siku ile ile. Baba mkwe alitangaza kituo cha chai, mbele ya watu na vikapu vyao, kwamba mke wa mwanawe atakuwa mkuu wa shule. Mama mkwe anasema hata mizani ilisimama.

Halafu nikaliharibu mwenyewe.

Ndugu yangu Nyamweya ni fundi mjini Kisii. Alhamisi moja alikuja na pikipiki ya kuazima anifundishe. Niseme ukweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: niliipenda. Niliipenda vibaya. Nilikunja sketi nikaichomeka kiunoni, nikaipanda kama wanaume wanavyoipanda, na kile kishindo kikanipanda kutoka nyayo hadi kwenye meno. Nilipovuta mafuta, migomba ikaanza kurudi nyuma. Nilijiona nikivuka bonde la kwanza, la pili, nikipita shule, nikipita Sotik, nikienda tu mahali ambapo hakuna anayejua mimi ni mama wa nani. Nyamweya alikuwa nyuma anakimbia na kupiga kelele. Sikutaka kusikia.

Kwenye kona iliyo chini ya lango letu, ua ni mrefu, huoni mtu hadi umemfikia. Baba mkwe alikuwa anatoka kupima chai, kikapu kitupu mgongoni.

Wasio wa kwetu watacheka. Sisi tuna chinsoni, ile haya ya heshima kati ya mtu na wakwe zake. Baba mkwe haingii nyumbani mwangu. Hanipi mkono. Na mimi mbele yake sinyooshi miguu, sipandishi sauti, sembuse kutokea kwenye kona mapaja wazi juu ya pikipiki ya kuazima. Mzee aliona, na mara hiyo hiyo akageuka, akaingia katikati ya chai na kusimama huko, mgongo kwangu, kofia imeshuka hadi masikioni. Mtu wa miaka sabini, kwenye shamba lake mwenyewe, kajificha. Na mimi sikujua kusimamisha ile mashine. Nilimpita.

Ndugu yangu alicheka hadi akakaa chini. Mimi nililia jikoni.

Tangu siku hiyo, kikohozi kikanyamaza. Kila asubuhi Mzee alikuwa akipita langoni anakohoa mara mbili, kisha anamuuliza mama mkwe kwa sauti, ili nisikie, "Mwalimu ameamkaje?" Ndivyo tulivyozungumza miaka minane, mimi na yeye. Nilianza kuizunguka nyumba alfajiri nikijifanya natafuta kuni, nikisubiri kukohoa. Wapi.

Nilimwuliza mama mkwe kama niandike ile barua ya kukataa kazi. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho.

"Hajakasirika," alisema. "Hasira ingekwisha jana. Ana haya. Akikuona anakumbuka, na akikumbuka anataka ardhi impasukie. Sasa atakuombea vipi safari?"

Darasani mimi ndiye ninayeandika ubaoni "Adabu si adhabu," na watoto wanaimba kwa pamoja.

Ijumaa mimi na Nyamweya tulikwenda Kisii, nyuma ya soko, kwa Mzee Salim anayeuza vyombo vilivyokwisha kutumika. Vilikuwa viwili tu, vimesimama pamoja. Pikipiki nyeusi, ndefu, imepakwa mafuta inang'aa. Na skuta ya buluu iliyopauka, ina ngao mbele ya kuzuia matope na mahali bapa pa kuweka miguu.

"Mwalimu," alisema Mzee Salim, akivuta kanzu yake mbali na matope, "ile ni ya kupanda. Hii ni ya kukalia."

Nyamweya alishika gurudumu la skuta kama anayepima kiazi sokoni. "Dada, angalia hii kitu. Gurudumu kama sahani. Matope ya kwetu yatameza hii kitu na wewe juu yake. Chukua pikipiki, vaa suruali, maneno yaishe."

Suruali! Mwalimu mkuu, mke wa Msabato, mbele ya pasta na kamati ya shule. Hata Mzee Salim aliangalia pembeni.

Nikakaa kwenye skuta. Magoti pamoja, sketi imefika muundini, mkoba katikati ya miguu. Hivyo ndivyo ninavyokaa kanisani. Nilisubiri moyo upige kama siku ile na haukupiga. Nilitazama ile nyeusi kwa muda mrefu, nasema kweli, kana kwamba namuaga mtu.

"Nimechukua hii," nikasema.

Nyamweya aliiendesha, nami nyuma nimekaa upande. Alinung'unikia magurudumu mpaka tukapita Nyamira. Na mbaya zaidi, alikuwa sahihi. Pale pale kwenye kona, ambapo maji ya mvua yamechimba mtaro kukata barabara, gurudumu la mbele liliingia likakaa. Tuliisukuma tope hadi magotini. Pikipiki ingeruka ule mtaro bila hata kupunguza mwendo, yeye alisema, mimi nilijua.

Mama mkwe alitoka, akaizunguka skuta, akagonga kiti kwa kidole. "Unakaliaje?" Nikamwonyesha. Akaangalia magoti yangu, akaangalia sketi, akarudi ndani kwao. Nilisikia wakinong'ona, yeye na Mzee. Mzee hakutoka.

Jana Sabato, kanisani. Mzee upande wa wanaume, shingo imenyooka mbele. Niliomba, lakini akili ilikuwa mtaroni. Nilijiuliza: nimechagua skuta kwa heshima au kwa woga? Usiku, usingizini, nilikuwa juu ya ile nyeusi tena, tunateremka bonde ambalo halina chini, sketi inapepea, na hakuna aibu popote. Niliamka natabasamu, kisha nikakumbuka.

Leo kulipopambazuka kulikuwa na sauti ya jembe huko chini, ndani ya ukungu. Jembe, kimya, kisha mawe yakiangushwa. Nilifikiri ni jirani anatengeneza boma lake. Nikafua, nikapika uji, nikapiga pasi gauni la kesho, na sauti ile bado. Ilikuwa inakuja na kuondoka pamoja na ukungu, nikaizoea.

Saa saba nikaamua kujaribu peke yangu. Nikaiwasha. Ina sauti ya cherehani, maskini. Nikateremka taratibu, nikaanza kufunga breki mapema nikijua mtaro unanisubiri.

Kwanza sikuelewa kona imekuwaje. Ilikuwa imefunguka. Ua wote mrefu umekatwa hadi usawa wa kiuno, unaona barabara hadi mtoni. Na mtaro haukuwepo. Ulikuwa umejazwa mawe ya mtoni, mawe makubwa chini na madogo juu, na udongo mwekundu umepigwapigwa hadi ukashikamana.

Baba mkwe alikuwa amesimama kando ya barabara, jembe begani, suruali imelowa hadi mapajani. Aliniona kutoka mbali. Nami nilimwona kutoka mbali. Kulikuwa na nafasi ya kutosha kwake kuingia kwenye chai.

Hakuingia.

Nilisimama. Nikatazama chini, inavyopasa. Yeye akatazama gurudumu la mbele. Akakohoa mara mbili. Kisha akasema kwa Kigusii, akiliambia gurudumu, si mimi:

"Hili ni dogo. Pembeni bado ni laini. Lipite katikati."

Nilipita katikati. Sikugeuka, ila macho yalikuwa yamejaa na barabara nikaiona kwa shida.

Niliporudi, mama mkwe aliniambia yuko kule tangu alfajiri. "Nilimwambia asubiri vijana Jumatatu. Akasema Jumatatu mwalimu atachelewa."

Sasa mvua imezidi na nawaza kona. Ningenunua ile nyeusi, ningeuruka mtaro kila asubuhi, na hakuna ambaye angelazimika kuujaza. Sijui kama hilo linajibu swali langu la jana. Bado naipenda pikipiki. Sitadanganya daftari. Pengine mtu anaweza kupenda kitu kimoja na kukalia kingine, bila kuwa mwoga.

Lakini naisikia mvua, na naogopa kwa ajili ya udongo ule mwekundu. Mara mbili nimekwenda mlangoni. Mara ya pili nimemwona Mzee chini kule kwenye mvua, gunia kichwani, amebeba jiwe.

Kesho, saa kumi na mbili asubuhi, nitapita katikati.